Kovu la moyo

Siku hizi habari hii twaisikia mara nyingi katika mitaa ya Kisangani, tangu Mangobo na Kabondo hata Lubunga ng'ambo ya mto. Mtu alikuwa mzima asubuhi, alikwenda kazini au sokoni, kisha akashikwa na maumivu makali kifuani, jasho la baridi likamtoka, akaanguka. Wengine hufa siku ile ile. Wengine huponea. Baada ya majuma machache twawaona tena kanisani au mbele ya duka lao, na watu wote husema: "Mungu asifiwe, amepona."

Je, ni kweli amepona? Ndilo swali tunalotaka kulijibu leo. Jeraha la mguu likifunga, twasema mguu umepona, nao hutembea kama zamani. Lakini moyo hauponi hivyo. Baada ya mshtuko, moyo hubadilika umbo lake, na kazi yake hubadilika pia; tena huendelea kubadilika kwa miezi na miaka, hali mwenyewe hasikii kitu. Waganga wa hospitali nao walikawia sana kulijua jambo hili. Yafaa tueleze jinsi walivyolijua, maana mtu akiielewa historia hii hataitupa dawa yake kabla ya wakati, wala hatamshitaki jirani yake kwa uchawi.

Nani anayeulisha moyo?

Katika mji wetu neno "moyo" ni la kila siku. Tangu Noeli ya mwaka 1897, Padri Gabriel Grison alipoanzisha hapa misioni ya Mtakatifu Gabrieli, waliotuletea Injili walikuwa Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kwa hiyo twajua kuuimbia Moyo wa Bwana. Lakini habari za moyo wetu wa nyama, ule upigao ndani ya kifua, wengi wetu twazijua kidogo tu.

Moyo wa mtu mzima una ukubwa wa ngumi, na uzito wake ni kama gramu 300. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kila dakika husukuma kama lita 5 za damu, yaani zaidi ya lita 7,000 kila siku: mapipa 35 ya lita 200, na zaidi. Una vyumba vinne. Chumba kilicho chini upande wa kushoto ndicho chenye kazi kubwa kupita vyote, kwa kuwa ndicho kinachopeleka damu mwili mzima.

Watu hudhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu, hujilisha kwa damu hiyo iliyo ndani yake. Sivyo. Mtu aliye ndani ya mtumbwi katikati ya mto hawezi kukata kiu bila kuchota maji. Vivyo hivyo moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje kama taji. Ndiyo maana yaitwa mishipa ya taji. Ibn al-Nafis, mganga aliyezaliwa nchi ya Damascus na kufanya kazi Kairo, aliandika hivyo mnamo mwaka 1242: kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyoenea katika mwili wake. Karibu miaka mia nne baadaye, mwaka 1628, Mwingereza William Harvey alieleza jinsi damu inavyozunguka mwilini na kurudi moyoni. Basi watu walikwisha kujua njia ya damu. Lakini njia ikizibwa, yatokea nini? Hilo hawakulijua bado.

Kifo cha John Hunter

Mwaka 1768 mganga William Heberden wa London alieleza mbele ya wenzake maumivu ya kifua yanayomshika mtu akipanda mlima au akitembea upesi, na kumwacha akisimama. Hakujua asili yake.

Katika mji huo huo aliishi John Hunter, mpasuaji aliyesifiwa kuliko wote wa siku zake. Yeye mwenyewe alikuwa na maumivu hayo, nayo yalimjia hasa akikasirika. Rafiki yake Edward Jenner, yule aliyegundua chanjo ya ndui, alikwisha kushuku kwamba mishipa ya taji ya mwalimu wake ina ubovu. Tarehe 16 Oktoba 1793 Hunter alikuwa katika mkutano wa hospitali ya Saint George. Kukatokea ubishi, akakasirika, akatoka katika chumba kile, akafa pale pale.

Tufikiri kidogo. Kama mtu angalikufa hivyo katika mtaa wetu, mara baada ya kugombana na wenzake, watu wangalisema nini? Bila shaka wangalimtafuta mchawi kati ya wale waliobishana naye. Wenzake Hunter walifanya jambo jingine: waliupasua mwili na kuuchungua. Wakaona mishipa ya taji imekuwa migumu kama mfupa. Ugumu huo haukuletwa na ugomvi wa siku ile. Ulikuwa umejengeka polepole kwa miaka mingi. Hasira ilikuwa kama upepo unaoangusha mti ulioliwa na mchwa. Asiyeujua mchwa hulaumu upepo.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia waganga waliendelea kuamini kwamba mshipa wa taji ukizibwa ghafula, mtu hufa papo hapo, hakuna neno zaidi. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza moyo hubadilika namna gani baadaye, kwani walidhani hakuna "baadaye". Mwaka 1910 waganga wawili wa Kyiv, Vasily Obraztsov na Nikolai Strazhesko, walieleza wagonjwa walioishi kwa siku kadhaa baada ya mshipa kuziba. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago aliandika habari za mtu mwenye miaka 55 aliyeishi saa 52 baada ya kushikwa. Akafundisha kwamba wengine huweza kuishi muda mrefu, hata kurudi kazini. Mwanzoni wenzake hawakumjali. Lakini kwa msaada wa mashine ya kuandika mapigo ya moyo, iliyobuniwa na Mholanzi Willem Einthoven, waganga wakaanza kuutambua ugonjwa huu kwa watu walio hai. Ndipo swali la "baadaye" lilipozaliwa.

Jeraha lafungaje?

Mwaka 1939 waganga watatu wa Boston, Marekani, nao ni Mallory, White na Salcedo-Salgar, walichungua mioyo 72 ya watu waliokufa baada ya mshtuko: wengine walikufa baada ya saa chache, wengine baada ya siku, wengine baada ya miezi. Kwa kuilinganisha walipata kuona hatua za jeraha moja baada ya nyingine.

Siku za kwanza chembe nyeupe za damu huja kwa wingi kuondoa nyama iliyokufa, kama fundi anayeng'oa mbao zilizooza kabla ya kutia mpya. Hapo ukuta wa moyo huwa laini, na katika juma la kwanza waweza hata kupasuka. Katika juma la pili mishipa midogo mipya na nyuzi za kovu huanza kujaza mahali pale. Jeraha dogo huwa kovu kwa majuma matano hivi. Jeraha kubwa huhitaji kama miezi miwili.

Tena kovu hili si nyama kama ya kwanza. Ni jeupe, ni gumu, wala halijikunji. Kazi yake ni kuushika ukuta usipasuke, na kazi hiyo huifanya vema. Lakini halisukumi damu hata tone moja.

Kwa sababu ya elimu hiyo waganga wa siku zile waliwalaza wagonjwa kitandani majuma manne hata sita bila kuinuka, wengine wakilishwa kama watoto wachanga. Nia ilikuwa njema, lakini wengi walipatwa na madonge ya damu miguuni kwa kulala mno, na madonge hayo yalipanda mapafuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, wa Boston pia, walionyesha kwamba ni afadhali mgonjwa akalishwe mapema katika kiti. Hivyo watu wakajifunza jambo la kwanza: moyo wenye jeraha wataka pumziko, lakini hautaki kuzikwa kitandani.

"Ugonjwa huu si wetu"

Msomaji atauliza: Na sisi wa Afrika, je? Wakati huo huku kwetu waganga waliangalia zaidi malaria, ukoma na ugonjwa wa usingizi. Wengi walisema mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa Wazungu. Tena hawakusema bure.

Mwaka 1929 mganga Donnison aliandika kwamba katika hospitali moja ya nchi ya Kenya, kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa kwa miaka miwili, hakumwona hata mmoja mwenye presha ya damu iliyopanda. Mwaka 1959 waganga Shaper na Jones waliandika habari za Kampala: Wahindi wa mji ule walipatwa sana na ugonjwa wa mishipa ya taji, lakini Waafrika hawakupatwa karibu kabisa. Mwaka uliofuata, 1960, zikatolewa hesabu za watu 632 waliopasuliwa baada ya kufa katika Uganda, zikalinganishwa na za watu 632 wa umri ulio sawa wa mji wa Saint Louis, Marekani. Kwa Wamarekani waliona mioyo 136 yenye alama za mshtuko. Kwa watu wa Uganda waliona mmoja tu.

Mmoja wa walioandika hesabu hizo alikuwa Jack Davies wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mganga huyu aliyajua makovu ya moyo vizuri, maana mwaka 1948 alieleza ugonjwa mwingine wa nchi zetu, ambao kovu hutanda ndani ya vyumba vya chini vya moyo, ingawa mishipa ya taji i wazi. Basi haiwezekani kusema kwamba waganga wa Mulago hawakujua kutazama. Walitazama, na mshtuko hawakuuona.

Lakini tuangalie vema maana ya hesabu hizo. Wahindi na Waafrika wa Kampala walikaa mji mmoja, chini ya jua moja. Walichotofautiana ni chungu cha jikoni na kazi za kila siku. Waafrika wa siku zile walikula ndizi, mihogo, maharagwe na mboga, mafuta kidogo, chumvi kidogo. Walitembea kwa miguu. Sigara zilikuwa chache. Kinga ilikuwa katika maisha yao, wala haikuwa katika rangi ya ngozi. Maisha yakibadilika, kinga huondoka.

Nayo yamebadilika. Mwaka 2004 Salim Yusuf na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi 52 za dunia, Afrika ikiwamo. Waliona kwamba mambo tisa ndiyo yanayoleta zaidi ya sehemu 90 katika mia za hatari ya mshtuko wa kwanza, na mambo hayo ni yale yale kila mahali: tumbaku, mafuta mabaya katika damu, presha, kisukari, kitambi, masumbuko ya roho, kukosa matunda na mboga, kukosa kuutumikisha mwili, na habari ya pombe. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu kama milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo ni katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Asemaye leo "ugonjwa huu si wetu" asema maneno ya mwaka 1960.

Msaada unaogeuka kuwa madhara

Sasa tuje kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Kovu limekwisha kufunga. Mgonjwa amerudi nyumbani. Je, moyo hufanyaje?

Fikirini mtumbwi wenye wapiga kasia watano wanaopanda mto kuelekea maporomoko ya Wagenia. Mmoja azimia, alala chini ya mtumbwi. Wanne waliobaki lazima wapige kasia kwa nguvu zao, tena kwa sehemu yake yule, tena na uzito wake wambebe. Kwa muda wataweza. Mtu aliye ukingoni ataona mtumbwi wasogea kama kawaida. Lakini wale wanne wachoka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nyama ya moyo iliyobaki nzima. Hurefuka, hunenepa, hufanya kazi ya zile zilizokufa.

Wakati huo sehemu yenye jeraha, hasa katika majuma ya kwanza, huvutika na kuwa nyembamba. Waendesha toleka wajua jambo hili: mpira wa ndani wa tairi ukiwa na mahali palipochakaa, upepo husukuma hapo hapo, pakavimba, na kila pavimbapo pazidi kuwa pembamba. Hivyo chumba cha moyo, kilichokuwa na umbo kama la yai, hupanuka na kuwa mviringo kama mpira. Mfaransa Laplace alikwisha kueleza tangu mwaka 1806 kanuni ya mambo kama haya: chombo kikipanuka, ukuta wake huvutwa kwa nguvu zaidi, ingawa msukumo wa ndani ni ule ule. Kwa hiyo kupanuka huleta kuchoka, na kuchoka huleta kupanuka tena. Hata mlango mdogo ulio kati ya vyumba vya kushoto huvutwa usifunge sawasawa, na damu hurudi nyuma. Moyo mzima, kila upigapo, hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba kile. Moyo uliopanuka sana waweza kutoa chini ya sehemu 40 katika mia.

Tena figo nazo hujiingiza. Zikipata damu kidogo, hudhani kwamba mwili umemwaga damu, kama mtu aliyekatwa na panga. Basi huamuru chumvi na maji yasitoke, na mishipa ijibane. Kwa mtu aliyekatwa na panga amri hiyo huokoa maisha. Kwa mgonjwa wa moyo ni mzigo juu ya mzigo: damu yazidi kuwa nzito kusukumwa, miguu yavimba, maji yaingia mapafuni, na mtu hawezi kulala ila kwa kuegemea mito.

Ona basi, kila kiungo chafanya wema. Kovu lafunga, nyama yajitahidi, figo zalinda maji. Lakini wema huo, ukiachwa bila kiasi, wamwua mwenyewe.

Waganga waliyaona matokeo hayo zamani, lakini walidhani kwamba madhara yote hutokea siku ile ya mshtuko, na baada yake hakuna la kuzuia. Waliotuonyesha vingine ni mume na mke, Marc na Janice Pfeffer, wa Boston. Tangu mwaka 1979 walichungua panya waliofungwa mshipa mmoja wa taji. Wakaona kwamba moyo huendelea kupanuka kwa majuma na miezi baada ya jeraha kufunga, na jeraha likiwa kubwa, moyo hupanuka zaidi. Kisha wakawapa panya dawa iitwayo kaptoprili, inayozuia ile amri ya kubana mishipa. Mwaka 1985 walitangaza kwamba panya waliopewa dawa waliishi zaidi.

Asili ya dawa hiyo ni ya ajabu. Katika nchi ya Brazili yuko nyoka aitwaye jararaka. Akimwuma mtu, presha ya damu yake huanguka ghafula. Mtaalamu wa huko, Sérgio Ferreira, aliichungua sumu ile, na kutokana na elimu hiyo wakemia wa Marekani walitengeneza kaptoprili. Iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981.

Je, kilichowafaa panya chawafaa watu? Mwaka 1992 jibu lilitoka. Watu 2,231 waliopona mshtuko, ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika lakini wengi wao hawakusikia ugonjwa wo wote, waligawanywa sehemu mbili. Nusu walipewa kaptoprili, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, kati ya wasiopata dawa walikuwa wamekufa 25 katika kila mia. Kati ya waliopata dawa, 20. Yaani katika kila watu mia, watano walikuwa hai ambao wangalikuwa kaburini. Nao walikuwa watu waliojiona wazima! Dawa zilizo ndugu za hiyo, pamoja na nyingine zinazoutuliza moyo usipige kwa haraka mno, hutumika hata leo dunia nzima.

Kila dakika ina thamani

Wakati huo huo wengine walichungua mwanzo wa jeraha. Mwaka 1977 Keith Reimer na Robert Jennings, kwa kuwachungua mbwa, walionyesha kwamba nyama ya moyo haifi yote mara moja. Kifo huanza upande wa ndani wa ukuta, kisha huendelea kuelekea nje kama moto wa kichaka. Mshipa ukifunguliwa baada ya dakika 40, sehemu kubwa huokoka. Ukifunguliwa baada ya saa 6, kinachookoka ni kidogo. Mwaka 1988 ukatangazwa uchunguzi wa watu 17,187 wa nchi nyingi: dawa ya kuyeyusha madonge ya damu, ikitolewa pamoja na aspirini ndogo kila siku, ilipunguza vifo vya majuma matano ya kwanza karibu kwa nusu. Hata aspirini peke yake, dawa ya bei ndogo kabisa, ilipunguza vifo hivyo kwa sehemu 23 katika mia.

Labda mtu atasema: Nyama iliyokufa haiwezi kuota tena? Mwaka 2009 wataalamu wa Stockholm, nchi ya Sweden, walipima umri wa chembe za moyo kwa kutumia alama iliyoachwa hewani na mabomu ya atomi yaliyojaribiwa kabla ya mwaka 1963. Waliona kwamba moyo wa kijana wa miaka 25 hufanya upya kama chembe moja katika kila mia kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 75 hazifiki hata nusu ya hizo. Basi upya upo, lakini ni mdogo mno kujaza jeraha. Tulichopewa lazima tukitunze.

Basi sisi tufanyeje?

Kutoka Kisangani hata Kinshasa ni kama kilomita 1,700 kwa njia ya mto. Si kila mtu atakayepata ndege kwenda kwa mabingwa. Lakini mengi ya lazima yanaweza kufanywa papa hapa.

Kwanza, maumivu makali ya kifua yasiyopungua kwa kupumzika, hasa yakienda mkononi au shingoni pamoja na jasho na pumzi fupi, si ya kungojea kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, asiende kwa miguu, wala tusipoteze usiku mzima kwa mpiga ramli.

Pili, aliyepona asiache dawa kwa kuwa ajisikia vema. Kujisikia vema ndiko kusudi la dawa. Familia nyingi huchangia fedha nyingi kwa matanga. Ni heri zichangie vidonge vya kila mwezi mtu angali hai. Kuacha au kubadili dawa ni kwa agizo la mganga tu.

Tatu, tuangalie chumvi. Makayabu ni chakula kitamu pamoja na lituma, lakini kwa mgonjwa wa moyo chumvi yake ni kama kuzisaidia figo katika kosa lao. Kadhalika vile vipande vya kuungia mchuzi vinavyouzwa dukani. Samaki mbichi wa mtoni ni bora.

Nne, sigara ziachwe kabisa, na presha ipimwe, hata kwa wasiougua. Mgonjwa atembee kila siku kidogo kidogo, kama alivyoagizwa. Miguu ikivimba, au uzito ukiongezeka kilo mbili kwa siku mbili tatu, au akianza kuhitaji mito mingi kulala, arudi hospitali upesi: ndizo dalili kwamba moyo wapanuka na maji yazuiliwa.

Tano, mtu akifa ghafula, tumkumbuke John Hunter. Tusiwashitaki wazee wala watoto wa nyumba. Mauti ile ilikuwa ikijengwa ndani ya mishipa kwa miaka mingi, na hakuna jicho la jirani liwezalo kuugeuza mshipa kuwa mfupa. Mjane ana msiba wa kutosha; tusimwongezee wa pili kwa kumnyang'anya heshima yake na nyumba yake.

Na wewe uliyeponea, ukiulizwa hali, usiseme tu "nimepona". Sema: "Nina kovu moyoni, nami nalitunza." Wa nyumbani mwako wakilijua hilo, hawatakupa mzigo usioweza kuubeba, wala hawatasahau vidonge vyako vya asubuhi.